Ganda la nanasi halimpi kuku anachokikosa

Ukila nanasi jingi kwa mkao mmoja, ulimi huanza kuwasha. Wengi hulaumu uchachu. Uchachu una sehemu yake, ila mchokozi hasa ni bromelini, kimeng'enya kinachokata protini vipande vipande, nacho hakibagui kati ya protini ya nyama na ile ya ngozi laini ya kinywa. Wewe unalila nanasi, na nanasi nalo linakutafuna kidogo kidogo. Wanaomenya nanasi viwandani kutwa nzima hawavai glavu kwa urembo.

Kutokana na muwasho huo huzaliwa hoja ambayo siku hizi husikika kila mahali panapozungumzwa taka na mifugo. Nanasi likishapita kiwandani, karibu nusu ya uzito wake huishia jalalani: maganda, moyo, taji. Ndani ya taka hizo mna kimeng'enya. Vimeng'enya husaidia tumbo kusaga chakula. Basi tuvitoe, tuvikaushe, tuvichanganye kwenye chakula cha kuku na nguruwe. Jalala lipungue na mfugaji afaidike. Hoja inateleza vizuri, na pengine ndiyo sababu watu wachache hujisumbua kuikagua. Ukiikagua utakuta ina tundu katikati: haijamuuliza kuku anakosa nini.

Tuanze na kuku, basi. Kukata protini si kazi inayomshinda. Ana pepsini yake tumboni na tripsini yake utumboni, na kwa chakula kilichotengenezwa vizuri zinamtosha kwa kiasi kikubwa. Kinachomshinda ni kitu kingine. Takriban theluthi mbili za fosforasi iliyomo kwenye nafaka na mbegu za mafuta imefungiwa ndani ya fitati, umbo ambalo mbegu huhifadhia fosforasi yake, na kuku hana kimeng'enya cha kutosha cha kuifungua. Nguruwe naye vilevile. Ng'ombe ana nafuu, kwa sababu vijidudu vilivyojaa kwenye tumbo lake la kwanza humfanyia kazi hiyo. Kwa kuku, fosforasi huingia mdomoni na kutoka nyuma ikiwa bado imefungwa. Mtengenezaji wa chakula hulazimika kununua fosfeti ya madini na kuiongeza, na ile iliyotoka na kinyesi huishia mitoni na maziwani, ambako hustawisha mwani hadi maji yakakosa hewa. Ndiyo maana fitasi, kimeng'enya cha kuifungua fitati, ya kwanza ya kibiashara kwa chakula cha mifugo iliingia sokoni Uholanzi mwaka 1991, katika nchi yenye nguruwe wengi kwenye eneo dogo na sheria kali juu ya samadi.

Tatizo la pili la kuku ni kuta za punje zenyewe. Ngano na shayiri zina nyuzinyuzi ambazo zikilowa hugeuka ute mzito. Chakula husafiri kwa shida ndani ya utumbo, virutubishi vinashindwa kufika ukutani, na kinyesi kinanata kwenye matandazo. Dawa yake ni zailanasi na beta-glukanasi, vimeng'enya vinavyokata nyuzi hizo zikawa fupi na ute ukalegea.

Sasa nenda kazitafute fitasi na zailanasi kwenye ganda la nanasi. Hutapata kiasi cha maana. Utapata bromelini, yaani mkata protini, kwa mnyama ambaye wakata protini anao tayari. Ni kama kumpelekea fundi seremala nyundo ya tano wakati msumeno wake umevunjika.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Bromelini ina pahali pake, hasa kwa wadogo. Nguruwe aliyeachishwa kunyonya jana ana tumbo ambalo bado halijajifunza kazi, na kuhara huwaua wengi wa umri huo. Mwaka 1998 jarida la kitabibu la Gut lilichapisha jaribio ambamo watoto wa nguruwe waliopewa bromelini walikingwa na kuhara kunakosababishwa na aina moja ya bakteria wa E. koli. Maelezo yake yanavutia: bakteria huyo hawezi kudhuru mpaka ajishikize kwenye vipokeo vilivyo juu ya ukuta wa utumbo, na bromelini huviharibu vipokeo hivyo, akakosa pa kushika. Umoja wa Ulaya ulipokataza antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 1, 2006, matokeo ya namna hiyo yalipata uzito mpya. Hapo kimeng'enya cha nanasi kinafanya kazi ya kinga kuliko kazi ya kusaga chakula, na anayetaka kukiuza afadhali akiuze kwa sifa hiyo.

Lakini hapo kuna mshindani. Bromelini safi ina wateja wanaoweza kulipa kuliko nguruwe yeyote. Inalainisha nyama, na kuna dawa inayotokana nayo ya kuondoa ngozi iliyokufa kwa walioungua moto, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2012 na Marekani mwaka 2022. Mtu aliyegharamia mitambo ya kuifikisha bromelini kwenye usafi wa namna hiyo, kisha akaenda kuimwaga kwenye pumba, anahitaji mhasibu mpya.

Kuna kosa jingine ambalo hunikera zaidi kwa sababu ni la kutotazama mmea vizuri. Bromelini ya biashara kwa sehemu kubwa haitoki kwenye maganda ya kiwandani. Inatoka kwenye shina. Tunda lenyewe lilichunguzwa mapema. Vicente Marcano, mkemia wa Venezuela, alikitenga kimeng'enya chake mwaka 1891. Ila biashara haikushika kasi hadi mwaka 1957, watafiti Ralph Heinicke na mwenzake Gortner walipoonyesha kwamba shina linalobaki shambani baada ya mavuno ndilo lililojaa. Kwa hiyo taka yenye mali iko shambani, imechomwa au imelimiwa chini, wakati sisi tumesimama kwenye lango la kiwanda tukihesabu maganda.

Kwenye papai mambo ni mabaya zaidi. Papaini hutoka kwenye utomvu mweupe wa tunda bichi, unaokingwa kwa kulichanja ganda likiwa bado mtini. Tunda likiiva, utomvu huo hupungua hadi ukabaki kidogo sana. Viwanda vya juisi hununua mapapai mabivu. Anayekusanya maganda ya mapapai mabivu ili apate papaini amefika karamuni wakati vyombo vinaoshwa.

Halafu kuna maji. Hili ndilo linaloangusha miradi mingi, na halihitaji maabara kulielewa, linahitaji kalamu tu. Chukua tani moja ya maganda mabichi yenye maji asilimia 85. Kitu kikavu ndani yake ni kilo 150. Ukitaka kuyakausha yabaki na unyevu wa asilimia 10 ili yasioze, utapata kilo 167 hivi, na kilo 833 za maji zitakuwa zimegeuka mvuke. Kila kilo ya maji hula takriban megajuli 2.26 kugeuka mvuke, kwa hiyo jumla ni karibu megajuli 1,900. Kwa kuni kavu hizo ni kama kilo 120, tena kwa tanuri lisilopoteza joto hata chembe, tanuri ambalo halijajengwa popote. Tanuri la kweli hula maradufu ya hapo au zaidi. Na moto wenyewe ukizidi, kimeng'enya ulichokuwa unakihifadhi umekipika.

Jua? Jua ni zuri pale lilipo. Maganda hayalisubiri. Saa chache baada ya kumenywa, chachu imeshaanza kula sukari, nzi wamefika, na bromelini yenyewe inakatana, kwa maana nayo ni protini na wenzake wako karibu.

Ndiyo maana mashine ninayoiheshimu kuliko zote katika habari hii ni ile isiyo na mvuto wowote: kinu cha kukamulia. Kamua tani ile hadi maji yabaki asilimia 70, na karibu nusu tani imeondoka bila kuwasha moto. Iliyoondoka ni juisi, na bromelini imeondoka nayo, kwa sababu inayeyuka majini. Umepata mambo mawili kwa mkamuo mmoja: upande huu juisi yenye kimeng'enya na sukari, upande ule machujo yaliyopungua maji na sukari. Kila upande unastahili njia yake, na kosa la wengi ni kuupenda mmoja na kuutupa mwingine.

Juisi unaweza kuifuata kwa njia za maabara. Kuigandisha protini kwa spiriti kunahitaji spiriti nyingi kuliko juisi yenyewe. Ukitaka mchanganyiko ufike asilimia 60, kila lita moja ya juisi inadai lita moja na nusu. Amonia salfeti hufanya kazi safi kwenye chupa ndogo, kisha inakuachia kilo za chumvi za kuosha. Chujio la utando ndilo lenye akili kidogo: molekuli ya bromelini ni kama mara 70 ya molekuli ya sukari kwa uzito, hivyo utando wenye matundu yanayofaa hupitisha maji na sukari, ukabakiza kimeng'enya. Tatizo lake ni pektini, gundi ya asili ya matunda, inayoziba matundu kama uji ulioganda kwenye kichungi, kwa hiyo juisi lazima ichujwe vizuri au ipewe pektinasi, mkata pektini, kwanza. Kimeng'enya cha kusaidia kutoa kimeng'enya!

Kwa chakula cha mifugo, usafi wa kiwango hicho haunishawishi. Ningechukua juisi mbichi ya siku hiyo hiyo na kulowekea chakula cha nguruwe wanaolishwa chakula cha majimaji. Bromelini hupenda mazingira yasiyo na asidi kali, na tumbo la nguruwe lina asidi ya kuiumiza. Ukiipa saa moja au mbili ndani ya pipa la chakula kabla ya kuliwa, inafanya kazi yake nje ya tumbo kwa utulivu. Haihitaji kukausha, haihitaji kifungashio. Inahitaji tu zizi liwe karibu na kiwanda, na hilo si sharti dogo.

Tugeukie machujo, kwa sababu naamini utajiri uko huku. Wahenga walisema ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Tunapoisikia methali hiyo tunalitazama ganda. Mtazame chungu. Ganda ni lilelile. Aliyeligeuza kuwa kivuno ni mdudu anayejua la kulifanyia. Kwenye habari yetu chungu huyo ni ukungu.

Si jambo jipya. Jokichi Takamine, Mjapani aliyehamia Marekani, alipata hataza mwaka 1894 kwa kimeng'enya cha kusaga wanga alichokitoa kwenye ukungu wa Aspergillus oryzae aliouotesha juu ya pumba za ngano. Pumba zenyewe hazikuwa na kimeng'enya hicho kwa kiasi cha kuuza. Zilikuwa chakula cha ukungu, na ukungu ukakitengeneza ili uzile. Mpaka leo sehemu kubwa ya vimeng'enya vya chakula cha mifugo hutengenezwa na ukungu au bakteria, na fitasi ile ya mwaka 1991 ilikuwa kazi ya Aspergillus niger.

Ukungu hutengeneza kimeng'enya kinacholingana na kilicho mezani kwake. Uwekee ganda la chungwa lililojaa pektini, utatoa pektinasi, ilimradi umeondoa mafuta ya ganda yenye limonene kwanza, maana hayo ni sumu kwake. Uwekee ganda la ndizi mbichi lenye wanga, utatoa amilasi, mkata wanga. Machujo ya nanasi, yenye nyuzinyuzi, hutoa wakata nyuzinyuzi, selulasi na zailanasi. Fitasi hupatikana zaidi ukichanganya pumba au mashudu, kwa sababu fitati iko humo, na mchanganyiko huo unatibu na upungufu wa naitrojeni ambao matunda yote yanao. Na hapa kinu kinarudi kwenye hadithi: ukungu ukikuta sukari tele hufanya kama mtu yeyote aliyekuta chakula kimepakuliwa, hauendi jikoni. Sukari nyingi huuzima utengenezaji wa selulasi na pektinasi. Machujo yaliyokamuliwa sukari yanaulazimisha kufanya kazi.

Kwa macho, shughuli yenyewe inaonekana hivi. Machujo na pumba vimechanganywa, vimepigwa mvuke kuua vijidudu, vimepoa. Ukivikamata mkononi na kubana vinashikana lakini havidondoshi maji. Mbegu za ukungu zinanyunyizwa, mchanganyiko unatandazwa kwenye trei kwa unene wa vidole viwili au vitatu. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili pana utando mweupe kama pamba, na ukiweka kiganja juu ya trei unahisi joto, kwa kuwa ukungu unapumua. Ukiwa mchoyo wa trei na kutandaza unene wa shubiri, katikati joto litapita nyuzi 40 na ukungu utajiua wenyewe. Siku ya tatu au ya nne harufu ni ya uyoga. Ukisubiri mpaka A. niger ageuke mweusi, ameanza kutoa mbegu. Umechelewa, na vumbi lake litawasumbua wafanyakazi mapafu. Unavuna kabla, unakausha kwa joto la chini ya nyuzi 50, unasaga. Hakuna cha kukamua wala kugandisha. Machujo, ukungu na vimeng'enya vyote vinaingia kwenye chakula pamoja, na ukungu wenyewe umeongeza protini.

Hapa ndipo wapenda mambo rahisi husema: maganda yakiachwa tu si yanaota ukungu yenyewe? Yanaota. Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao mwanzoni uliitwa X, kwa sababu hakuna aliyeujua. Chanzo kilikuwa mashudu ya karanga yaliyoota Aspergillus flavus, na sumu iliyogunduliwa humo ndiyo inayoitwa aflatoksini. Flavus na oryzae ni ndugu wa karibu mno, kwa macho huwezi kuwatofautisha kwa uhakika. Hata ndani ya A. niger, baadhi ya koo hutengeneza sumu nyingine, okratoksini. Kwa hiyo ukungu wa kuokota ni marufuku, sina upole katika hili. Mbegu itoke kwenye benki ya vijidudu inayojua ukoo wake, na kila fungu lipimwe sumukuvu, yaani sumu za ukungu, kabla halijamgusa mnyama. Gharama ya kipimo ikikushinda, yape ng'ombe machujo mabichi au yafanye saileji, malisho yaliyochachushwa bila hewa. Hilo nalo ni tumizi la heshima na halijawahi kuhitaji kuandikiwa pendekezo la mradi.

Maganda pia hubeba mabaki ya viuatilifu, kwa sababu ndiyo yaliyopuliziwa. Ukiyakausha, mabaki hayo yanakolea. Hilo nalo lipimwe.

Baada ya yote hayo kuna mashine ya kutengeneza punje za chakula, ambayo huua kazi ya wiki nzima kwa dakika moja. Kabla ya kubanwa, unga hupigwa mvuke hadi nyuzi 80 au 90. Bromelini huanza kuharibika ikivuka 60. Makampuni makubwa huvivisha vimeng'enya vyao koti la kuzuia joto, au huvinyunyiza vikiwa maji baada ya punje kupoa. Mtengenezaji mdogo wa chakula cha mifugo hana vifaa hivyo, lakini chakula chake ni cha unga kisichopikwa. Bidhaa ghafi ya namna hii imfuate huyo. Kumfuata mwenye mashine ya punje ni kutwanga maji kwenye kinu.

Na neno lililoandikwa kwenye gunia liwe la kipimo. Fitasi ina kipimo chake: uniti moja ni kiasi kinachoachia mikromoli moja ya fosfeti kwa dakika kutoka kwenye sodiamu fitati, kwenye kiwango cha asidi cha pH 5.5 na joto la nyuzi 37, na kiwango cha kawaida ni kama uniti 500 kwa kilo ya chakula. Gunia lililoandikwa "lina vimeng'enya vya asili" bila uniti linauza ganda lililosagwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1831 ya mwaka 2003 humtaka mwenye bidhaa athibitishe ni nini, ni salama, na inafanya kazi. Ni maswali matatu ambayo mnunuzi yeyote anaweza kumwuliza muuzaji bila kuwa na sheria mkononi.

Kwa wakata protini kuna hata jaribio la jikoni. Nanasi bichi likiwekwa kwenye jeli ya gelatini, jeli haigandi. La kopo, ambalo limepikwa, halizuii chochote. Tengeneza gelatini igande kwenye visahani viwili. Loweka chakula unachouziwa kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, chuja, gawa maji yake mara mbili, chemsha fungu moja kisha lipoe. Weka tone la kila fungu juu ya kisahani chake, funika, rudi kesho asubuhi. Kimeng'enya kikiwa hai, tone lisilochemshwa litakuwa limechimba shimo, na lile lililochemshwa litakuwa limekaa tu juu ya jeli. Visahani vyote vikiwa sawa, mpigie muuzaji.